Ekra ilale, serveri isilale

Ndugu wachimbaji, na ninyi wamama wenye kungojea mwisho wa mwezi ku nyumba, leo tunawaandikia juu ya kitu chenye wengi wetu hatuna hata ruhusa ya kukigusa: ekra ya ile ordinatere yenye kukaa mu biro ya pwentaji, ile wanaitaka serveri. Mutatuuliza: sendika iko na kazi gani na ekra? Tuko na kazi nayo mingi. Masaa yetu yote njo inaingia mule. Karte yenye unapitisha ku mulango asubuhi, posti ya usiku yenye ulifanya, siku ya mungu yenye walikuita kazi, yote inakuwa namba mu ile mashine. Na ku mwisho wa mwezi, namba ile njo inakuwa unga, masomo ya watoto na dawa.

Zamani pwentaji ilikuwa kitabu na kalamu. Kapita alikuwa anaandika jina, anatia alama, tunaona. Kama mutu alifuta, karatasi ilikuwa inaonyesha fasi alifutia. Mu ordinatere namba inabadilika bila kuacha kovu. Inatoka 12 inakuwa 8, na kwa macho ile 8 ni safi kama vile iliandikwa tangu mwanzo. Kwa hiyo, ulizo ya kwanza ya mutu wa kazi haiko tena "nani anashika kalamu?" Ulizo ni "nani anaweza kukaa mbele ya ile ekra, na ataikuta wazi ao yenye kufungwa?"

Mu mikutano tunaonaka watu wanachanganya mambo matatu. Tuyatenge, sababu kama hatuyatenge hatutajua kuomba nini.

La kwanza: ekra kuzimika. Hapa ni kioo tu kinakuwa cheusi. Mashine yenyewe iko inafanya kazi, inapokea karte za watu, inaandika. Ukigusa klavye ao suri, kioo kinarudi. Ni kama mutu amefunga macho lakini anasikia yote.

La pili: ekra kufungwa na neno la siri, lile tunaitaka modepasi. Hapa pia mashine inaendelea na kazi yake. Kitu kimoja tu kimebadilika: mutu mwenye kufika mbele yake hawezi kuona ao kubadilisha kitu bila kuandika modepasi. Ni nyumba yenye watu ndani wanapika, na mulango umefungwa na ufunguo.

La tatu: mashine yenyewe kulala. Hapa kazi inasimama. Haipokee karte, haiandike, haijibu ordinatere zingine. Kwa ordinatere ya mwanafunzi haiko mubaya, inachunga moto. Kwa serveri ni mubaya sana, sababu serveri ni mutumishi wa wengine, na mutumishi mwenye kusinzia wakati watu wako ku mulango ni kama hayuko.

Sasa tuseme wazi yenye tunataka. Ekra ya serveri izimike yenyewe. Ekra ijifunge yenyewe. Lakini serveri isilale hata dakika moja. Ukisikia shefu anasema "tumepanga mashine, iko sawa", muulize ameipanga namna gani ku hizi tatu.

Tunaanza na ile ya kulala, sababu njo inakulaka masaa ya watu bila mwizi kuingia. Programu ya Windows yenye ilitengenezwa kwa serveri, ikiwekwa mupya, inazima ekra kisha dakika 10 na haiweke mashine kulala. Ile ni mupango muzuri. Shida iko kwa kampuni ndogo zenye kuchukua kazi chini ya kampuni kubwa. Wengi wao hawanunue serveri ya kweli. Wanakamata ordinatere ya biro ya kawaida, hata ile ya kubeba mu mukoba, wanaweka programu ya pwentaji ndani, wanaiita serveri. Lakini ordinatere ya namna ile inatoka ku duka imepangwa kuchunga moto: kama hakuna mutu anagusa klavye kwa wakati fulani, inajilaza. Na ile ya mukoba, mutu akifunga kifuniko tu, inalala palepale.

Sasa angalia mu biro ya pwentaji usiku. Nani anagusa klavye saa nane ya usiku? Hakuna. Mashine inaona kama hakuna kazi, inalala. Saa kumi na moja watu wa posti ya asubuhi wanafika, wanapitisha karte. Kuko vyombo vya kusoma karte vyenye kuchunga namba ndani mpaka serveri iamuke. Kuko vingine havichunge. Mwenye karte yake ilisomwa na chombo cha namna ile, kwa ordinatere hakuja kazi. Atakuja kuelezea mbele ya shefu, na shefu atamwonyesha ekra: "Angalia, haupo." Mutu ametoka nyumbani giza, amefanya kazi mpaka jasho imekauka ku shati, na mashine yenye ilikuwa inalala njo inakuwa shahidi juu yake! Ndugu, mashine yenye kulala isipewe nguvu ya kushitaki mutu mwenye alikuwa macho.

Sasa ile ya ekra wazi. Tuliletewa kesi ya mwenzetu mmoja, pwentere wa usiku, ku kampuni yenye hatutaitaja. Alikuwa amefungua sesyo na jina lake. Wakamwita na radio kwenda kuangalia gari ku mulango mukubwa. Akaacha ekra wazi, sababu kule hakuna mutu aliwahi kumufundisha kuifunga, na mashine yenyewe ilikuwa imepangwa isijifunge hata siku moja. Kisha siku chache ikaonekana masaa ya ekipi moja yamebadilishwa usiku ule. Jina lenye kuandikwa mu mashine ni lake. Wakamusimamisha kazi. Alipouliza "munionyeshe mukono wangu", wakamwonyesha jina lake. Jina haliko mukono. Lakini kama ekra ilikuwa wazi, utatenga jina na mukono namna gani? Hapo njo tunasema: ekra yenye kufungwa haichunge mali ya kampuni peke yake. Inachunga pia mukate wa mutumishi mudogo, sababu kosa ikitokea, ni yeye anaanguka wa kwanza.

Tukiuliza mafundi wa ordinatere sababu gani wanaacha sesyo wazi usiku na mchana, wengine wanajibu kwa kweli, na jibu lao tulisikilize. Wanasema: programu ya pwentaji inatembea ndani ya sesyo. Ukifunga sesyo yote na kutoka, programu inakufa nayo. Njo maana wanaacha wazi. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Kutoka mu sesyo na kufunga ekra ni mambo mawili. Ukitoka mu sesyo, programu zenye ulifungua zinafungwa. Ukifunga ekra, zinaendelea vilevile, mulango tu njo umefungwa. Mu Windows ni kubonyeza buto mbili pamoja, ile ya alama ya Windows na herufi L. Haikamate hata sekunde mbili. Kwa hiyo sababu ile ya mafundi haitoshe kuacha ekra wazi.

Na kuko dawa ya kweli zaidi: programu ya pwentaji iwekwe kama huduma ya mashine yenyewe, haiko kama programu ya mutu. Huduma inaanza mashine inapowaka, hata kama hakuna mutu ameandika modepasi. Hii ni maana sana kwetu hapa, sababu ya moto. Wote munajua habari ya delestaji. Tuko na ile laini ya Inga mpaka Kolwezi tangu 1982, kilometre 1.700, tuko na Nzilo na Nseke, na bado moto inakatika. Onduleri inashika muda kidogo, kiisha nayo inachoka, serveri inazimika. Moto ikirudi, mashine inawaka na kusimama mbele ya modepasi. Kama programu inangojea mutu aingie, pwentaji imekufa mpaka fundi afike. Njo hapo mafundi wengine wanafanya kitu cha hatari: wanapanga mashine iingie yenyewe bila modepasi. Sasa kila moto ikirudi, serveri inafunguka wazi mbele ya kila mutu, na nguvu zote za mukubwa. Hapana. Programu iwe huduma, modepasi ibakie.

Hata kuzima ekra iko na faida yake mu delestaji. Ekra ya kawaida inakula karibu wati 20 mpaka 30. Kwa kampuni yenye kusukuma maji ya mine na pompi kubwa, ile haiko kitu. Lakini ku onduleri ndogo ya biro, kila wati yenye unaondoa inaongeza wakati wa serveri kuishi. Ekra yenye kuonyesha mu chumba chenye hakuna mutu inakula moto bule.

Sasa, tusikuwe watu wa kusema "zima ekra zote". Kuko ekra zenye haziruhusiwe kulala. Wenye wamefanya kazi chini wanajua lampisteri na kibao cha jeto. Jeto yako ikiwa ingali kwenye kibao wakati ekipi imepanda, maana yake uko chini bado, na watu watakutafuta. Kibao kile hakikuwa na modepasi, na hakikuwa kinalala. Leo fasi zingine kibao kimekuwa ekra. Kama ekra ile inakuwa nyeusi kisha dakika 10 sababu fundi aliipanga kama zote zingine, siku mwamba ukianguka, watu watakuwa wanatafuta modepasi ya nani? Kwa hiyo tunaomba watenge. Liste ya watu wenye kuwa chini ionekane ku ekra yake, yenye kuwaka saa zote, bila klavye, yenye kuonyesha tu na haiwezi kubadilisha kitu. Nayo serveri yenyewe ikae mu chumba chenye ufunguo, ekra yake ikizimika na kujifunga. Yenye kuonyesha ionyeshe, yenye kuandika ichungwe. Na kibao cha jeto kisitupwe: siku moto na onduleri zimeisha zote mbili, chuma kitaendelea kusema.

Tunajua maneno ya kukataa, tumeyasikia. Moja: "Ekra ikiwa nyeusi, watu wanazani mashine imekufa, wanabonyeza buto kubwa, wanaizima kabisa." Ni kweli inatokeaka. Lakini dawa ni nyepesi. Buto ile inaweza kupangwa isifanye kitu ikibonyezwa kidogo. Na mubandike karatasi ku ekra, kwa Kiswahili chenye kila mutu anaelewa: "Mashine inafanya kazi. Ekra njo imelala. Usiguse buto." Karatasi moja na gundi.

Ya pili: "Modepasi inachelewesha kazi." Inachelewesha sekunde tano. Kampuni za karte za benki, zenye kuchunga makuta ya dunia nzima, ziko na kanuni yao: sesyo yenye haiguswe kwa dakika zaidi ya 15, mutu aandike modepasi tena. Kama wenye makuta wanaona dakika 15 ni kipimo, masaa ya muchimbaji nayo haiko kitu cha chini.

Ya tatu, na hii inatuuzi: "Sisi wote ni ndugu mu biro, tunatumia modepasi moja." Modepasi moja kwa watu sita, imeandikwa ku karatasi chini ya klavye. Mahali pale hata ekra ikijifunga mara mia, ni kufunga mulango na kuacha ufunguo juu yake. Kila mutu awe na jina lake na modepasi yake, na kila mutu awe na nguvu ya kazi yake tu. Pwentere haitaji nguvu ya mukubwa wa mashine. Kama ni ndugu kweli, usiweke ndugu yako mu hatari ya kujibu juu ya kazi yenye hakufanya.

Na mujue kitu kingine: mashine inaweza kuchunga kumbukumbu ya ekra yake. Mu Windows kuko jurnali ya ulinzi. Kila tendo liko na namba yake: 4624 ni mutu ameingia, 4800 ni ekra imefungwa, 4801 ni imefunguliwa. Lakini zile mbili za ekra haziandikwe mpaka fundi awashe ukaguzi wake. Tunaomba uwashwe. Siku mwenzetu mwingine atashitakiwa, hatutapigana kwa maneno. Tutasema: mulete jurnali, tuone ekra ilifungwa saa ngapi, na nani aliifungua. Kama pwentere alikuwa ku mulango mukubwa na ekra ilikuwa imefungwa, jurnali itamutetea. Kama ni yeye alifanya, jurnali itasema pia, na sendika haitaficha mwizi wa masaa ya wenzake.

Wakubwa wasituambie kama hii ni mambo ya mafundi tu. Kodi ya kazi ya 16 Oktoba 2002 inaweka masaa 45 kwa juma, na kile chenye kupita ni masaa ya kuongeza, yanalipwa zaidi. Nani atahesabu yenye kupita 45 kama hesabu yenyewe inalala ao iko wazi kwa kila mukono? Kiisha kuko Kodi ya numeriki ya 13 Machi 2023, yenye kulinda habari za mutu. Saa zako za kuingia na kutoka ni habari zako. Kampuni inaziweka, lakini inaziweka kwa kuzichunga.

Kwa hiyo, wajumbe wetu wa sendika wapeleke maombi haya ku meza ya mukutano wenye kufuata na wakubwa wa kazi, na yaandikwe mu ripoti:

Moja, serveri ya pwentaji na ya mizani isilale hata kidogo, na kama ni ordinatere ya kubeba, kufunga kifuniko kusiilaze.

Mbili, ekra yake izimike kisha dakika 10 na ijifunge, isipite dakika 15, na ikifunguka iombe modepasi.

Tatu, programu ya pwentaji iwe huduma ya mashine, yenye kuanza yenyewe moto ikirudi. Kuingia bila modepasi kuondolewe.

Ine, kila mutu awe na jina na modepasi yake.

Tano, jurnali ya kufunga na kufungua iwashwe, na mujumbe wa sendika aweze kuiona wakati kuko kesi ya masaa.

Sita, ekra ya watu wa chini itengwe, iwake saa zote, na kibao cha jeto kibakie.

Angalieni, hakuna ombi hata moja hapa lenye kuomba makuta mingi. Ya kwanza na ya pili fundi anaweza kuzimaliza mbele ya kikombe cha chai kupoa. Kampuni yenye kukataa kitu cha bei ndogo namna hii, tuko na haki ya kuuliza ekra wazi inamufaidisha nani.

Upande wetu pia kuko kazi. Wapwentere, mukisimama ku kiti, hata kama ni kwenda kunywa maji, bonyezeni zile buto mbili. Musingojee dakika 15 za mashine. Wachimbaji, musipeane karte kwa mwenzenu akupitishie. Siku ile inakupendeza, siku ingine itakufunga. Kila mutu awe na kitabu kidogo ku nyumba: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Wamama, ninyi munajua kuchunga karatasi kuliko sisi. Bultini ya mushahara isifungie karanga, ichungwe na kitabu kile pamoja. Kitabu kimoja, shefu ataseme kinadanganya. Vitabu mia mbili vyenye kusema saa moja, kwa mashine yenye kusema saa ingine, itabidi wafungue jurnali.

Kidole kimoja hakivunje chawa. Mukutano wa ekipi wenye kufuata, ulizo iwe kwa kila mujumbe: ku kwetu, ekra inajifunga? Na serveri, inalala?